Rivolva ya Mwaka 1917 Haikupigana Vita vya Tanga

Ukitaja bastola kuukuu mjini Tanga, iwe Ngamiani au Chumbageni, jibu la kwanza huwa lile lile: "Hiyo ya Mjerumani." Kisima kikuukuu ni cha Mjerumani, sarafu ya shaba iliyofukuliwa shambani ni ya Mjerumani, na bastola iliyokutwa ndani ya kasha la marehemu babu nayo ni yake, au basi iliokotwa ufukweni Novemba 1914 Waingereza walipokimbilia melini. Maneno hayo yana mzizi wa kweli. Kuanzia tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914 kikosi kilicholetwa kutoka India chini ya Meja Jenerali Aitken kilipigwa hapa na askari wa kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, nacho kiliacha nyuma bunduki, bombomu na risasi tele. Ila bastola nyingi zinazopewa sifa ya siku hizo zilikuwa bado hazijatengenezwa. Chuma chenyewe kinasema hivyo, kwa aliyejifunza kukisoma.

Kwa asiyezoea istilahi, rivolva ni bastola ya silinda. Haina magazini ndani ya kitako. Risasi zake, kwa kawaida sita, hukaa kwenye matundu ya silinda inayozunguka nyuma ya mtutu. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita ndiyo iliyokuwa kiunoni mwa maafisa wa polisi katika makoloni ya Uingereza, na ndiyo inayotafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale duniani. Thamani yake kwao haiko katika kufyatua. Iko katika swali moja: ilikuwa ya nani, na ilipita wapi?

Swali hilo lina mashahidi watatu. Wa kwanza ni chuma, yaani chapa na namba zilizogongwa juu yake. Wa pili ni karatasi. Wa tatu ni maneno ya watu. Makosa karibu yote katika fani hii hutokana na kuwasikiliza kinyumenyume: mtu huanza na hadithi ya muuzaji, kisha hutafuta chapa zitakazoiunga mkono. Anza na chuma.

Kabla ya chuma, sheria

Tanzania silaha ya moto humilikiwa kwa leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Usijiamulie kwamba kutu na uzee vimeigeuza bastola kuwa pambo la sebuleni, wala kwamba kuziba mtutu kwa madini ya risasi ya fundi bomba kunatosha. Mwenye neno hapo ni polisi. Wapo wanaokimbilia Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Sheria hiyo inautumia mwaka 1863 kama mpaka wa vitu vinavyohesabiwa kuwa vya kale, na rivolva zote zitakazotajwa hapa ni za baada ya mwaka huo.

Ukiikuta rivolva katika kasha la urithi, usiiguse. Usijaribu kufungua silinda ili "kuona kama ina kitu", wala usivute nyundo, kile kipande cha nyuma kinachogonga risasi. Risasi iliyokaa miaka themanini inaweza kufyatuka bado, na baadhi ya rivolva za zamani hufyatuka zikianguka tu na kugonga sakafu kwa nyundo. Waondoe watoto, funga chumba, mwarifu mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kituo cha polisi, na waache wao waje. Usiibebe kwenye mfuko wa rambo ukapanda nayo bodaboda. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka, hadi 2030, uwe mwezi wa kusalimisha silaha zisizo halali, kwa hiyo sikiliza tangazo la Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi kuhusu masharti ya msamaha. Lakini kasha likifunguliwa Februari, usingoje Septemba.

Kuna jambo ambalo familia nyingi hulikosa, nalo linauma. Wakati wa kukabidhi, omba kwa adabu alama zote za silaha ziandikwe kwenye hati ya kupokelea, au uruhusiwe kuzipiga picha mbele ya askari. Silaha ikishaondoka, mara nyingi hairudi. Chapa zake zikiwa zimeandikwa, historia ya familia inabaki nyumbani, na mtu aliye Leeds au Berlin anaweza kuisoma bila kuigusa.

Ukoo wa Kijerumani

Rivolva ya jeshi la Ujerumani iliyokuja pwani hii inajulikana kwa jina la Reichsrevolver. Ni za aina mbili: M1879 yenye mtutu mrefu wa takriban milimita 183, na M1883 yenye mtutu mfupi wa takriban milimita 126. Zote zina kipenyo cha milimita 10.6 na silinda ya risasi sita. Ni chuma kizito cha kizamani. Kila risasi inataka nyundo ivutwe kwa kidole gumba kwanza, na hakuna mtambo wa kutoa maganda: askari aliyasukuma moja moja kwa kijiti kupitia mlango mdogo ulio upande wa kulia. Upande wa kushoto kuna kizuizi kidogo cha usalama, kitu ambacho karibu hukioni kwenye rivolva ya Mwingereza. Ukiona kizuizi hicho, mlango huo na herufi ndogo zenye taji zilizogongwa na wakaguzi, hapo neno "Mjerumani" lina msingi.

Zilitengenezwa Suhl, Sömmerda na kwenye kiwanda cha serikali cha Erfurt. Namba kamili iko kwenye fremu, yaani mwili wa bastola unaoshika mtutu na silinda, na tarakimu zake za mwisho zimerudiwa kwenye vipande vidogo. Alama ya kikosi, kama ipo, hutafutwa kwenye chuma cha kitako. Hiyo ndiyo inayopandisha bei, na kwa hiyo ndiyo inayoghushiwa kuliko zote.

Kamanda wa Kijerumani Wissmann aliletwa pwani mwaka 1889 kupambana na Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo, na Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala hadi 1891. M1879 na M1883 zote zilikuwa zimeshatengenezwa wakati huo, kwa hiyo hadithi ya rivolva ya Kijerumani iliyokuwapo Bagamoyo mwaka 1889 haivunjwi na tarehe. Kutovunjwa na tarehe si kuthibitishwa, lakini ni hatua.

Ukoo wa Kiingereza

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo penye mkanganyiko.

Kampuni ya Webley ya Birmingham iliuza rivolva kwa jeshi la Uingereza kwa namba za toleo. Mark I ilipitishwa 1887, Mark IV mwaka 1899, Mark V mwishoni mwa 1913, na Mark VI mnamo Mei 1915. Kipenyo chake huandikwa .455, yaani sehemu za inchi, sawa na milimita 11.5 hivi. Zote huvunjika katikati kama bunduki ya shotigani: unabonyeza komeo lenye umbo la kikuku cha farasi lililo kando ya nyundo, mtutu unainama, na nyota iliyo katikati ya silinda inayarusha nje maganda yote kwa mpigo mmoja. Mark VI ina mtutu wa inchi 6 na kitako cha pembe za mraba. Zilizotangulia zina kitako cha mviringo kama mdomo wa kasuku. Tofauti hiyo ya kitako huonekana hata kwenye picha ya harusi iliyofifia.

Sasa rudi kwenye tarehe. Vita vya Tanga ni Novemba 1914. Mark VI ni Mei 1915. Hakuna Mark VI hata moja iliyookotwa ufukweni siku zile. Ingeweza kuja na Waingereza waliouchukua mji wa Tanga Julai 1916, au walioteka Bagamoyo tarehe 15 Agosti 1916, na hiyo ni hadithi nyingine kabisa.

Kuna mtego mwingine. Maafisa wa Kiingereza wa zama hizo walijinunulia bastola wenyewe, mradi ipokee risasi ya serikali. Afisa wa 1914 aliweza kuwa na Mark IV, Mark V, Webley ya kiraia aina ya WG, hata Colt ya Kimarekani, na silaha hiyo isiwe na chapa ya serikali mahali popote. Juu ya mtutu au fremu unaweza kukuta jina la duka, kama Army & Navy la London. Kwa hiyo kukosekana kwa chapa ya jeshi hakuikanushi hadithi. Kunaifanya tu imtegemee mtu mmoja badala ya kikosi, na mtu mmoja anatafutwa kwa karatasi za aina nyingine: wosia, leseni, barua, orodha ya abiria wa meli.

Baada ya vita vya kwanza Waingereza waliona .455 ni nzito mno kwa mtu asiyepata mazoezi mengi, wakahamia .38. Webley waliunda rivolva ya .38 iitwayo Mark IV (isichanganywe na Mark IV ya .455 ya 1899, na hapa hata waandishi wa vitabu hukwaa). Serikali ikaichukua sura yake, ikairekebisha kwenye kiwanda chake cha Enfield, na mwaka 1932 ikapitisha Enfield No. 2. Webley walidai fidia ya pauni 2,250. Mwishowe walipewa pauni 1,250. Ndiyo maana silaha hizi mbili zinafanana kama mapacha, ilhali vipuri vyake haviingiliani. Njia ya haraka ya kuzitenganisha ni kutazama ubavu wa fremu. Enfield ina bamba linalofunguka kwa skrubu ili kufikia mtambo wa ndani, Webley haina. Na kama nyundo haina ncha ya kushika kwa kidole, hiyo ni Enfield No. 2 Mark I*, toleo la 1938: wanajeshi wa vifaru walilalamika kwamba ncha ilikuwa ikinasa wanapopita kwenye matundu ya kifaru.

Vita vya pili vilipokula silaha kuliko viwanda vilivyoweza kutengeneza, Marekani ilileta Smith & Wesson aina ya Victory, zaidi ya laki tano kwa Uingereza na washirika wake. Namba yake huanza na herufi V. Mwaka 1944 baharia mmoja alikufa baada ya rivolva ya aina hiyo kuanguka na kufyatuka. Kiwanda kikaongeza kizuizi cha nyundo, na zilizopata kizuizi hicho zikapewa herufi SV. Herufi mbili tu, lakini zinakupa tarehe bila kufungua hata skrubu moja.

Na ya polisi je?

Jeshi la Polisi la Tanganyika lilianzishwa 1919, na makao yake makuu ya kwanza yalikuwa Lushoto, hapo juu Usambara. Yalihamia Dar es Salaam mwaka 1930. Watu wa Tanga wana haki ya kulijua hilo kuliko wanavyolijua sasa. Kwa desturi ya polisi wa makoloni ya Waingereza, askari wa kawaida alibeba rungu au bunduki ndefu, na rivolva ilikuwa ya afisa. Kwa hiyo rivolva za polisi hazikuwa nyingi, na nyingi ya zile zinazoitwa za polisi zilikuwa za mameneja wa mashamba ya mkonge, wahasibu na wenye maduka waliojinunulia.

Utaitambuaje ya polisi basi? Kwa chapa ya idara, na kwa umbo lililoagizwa na idara. Rivolva za polisi wa kifalme wa Ireland hubeba herufi R.I.C., na Webley walikuwa na toleo lenye jina hilo tangu 1868. Polisi wa Singapore waliagiza Webley za .38 zenye kizuizi cha usalama ubavuni, kitu kisicho cha kawaida kwenye Webley, kwa hiyo kizuizi hicho ni dalili ya kuzingatia. Pete iliyo chini ya kitako, ya kufungia kamba ya shingoni, husema silaha ilikuwa ya kazi, lakini haitofautishi polisi na jeshi. Ala ya ngozi yenye nembo ya polisi haithibitishi kitu kuhusu bastola iliyomo: ala na bastola hukutana sokoni.

Kuzisoma chapa

Mtaani bastola huitwa mguu wa kuku. Kwa bahati nzuri, chapa kuu ya serikali ya Uingereza nayo ina umbo la unyayo wa kuku: mshale mfupi wa mistari mitatu inayokutana kwenye ncha moja. Maana yake ni mali ya serikali. Ukiwa ndani ya herufi U, ni mali ya Muungano wa Afrika Kusini. Ndani ya C, Kanada. Katikati ya D mbili, Australia. Mishale miwili iliyoelekezana ncha kwa ncha inasema silaha imetolewa kihalali katika mali ya serikali na kuuzwa.

Chapa za aina ya pili ni za nyumba ya majaribio. Kwa sheria ya Uingereza silaha haiuzwi kwa raia mpaka mtutu na silinda vijaribiwe kwa risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida, kisha vigongwe muhuri. Silaha ya serikali haikuhitaji muhuri huo ilipokuwa kazini. Iliupata siku ilipouzwa. Birmingham, kuanzia kanuni za 1904, ilitumia BP, BV na NP, kila moja chini ya taji. Kanuni za 1954 zikaleta BNP chini ya taji. Silaha za kigeni zilizopita hapo kati ya 1925 na 1955 ziligongwa NOT ENGLISH MAKE, na ndiyo sababu Smith & Wesson nyingi zina maneno hayo.

Chukua mfano mmoja, tuukaribie. Mezani kuna rivolva. Juu ya fremu pameandikwa MARK VI, ubavuni 1917. Kuna U yenye unyayo wa kuku ndani, mishale miwili ncha kwa ncha, na BNP chini ya taji kwenye mtutu na kwenye kila tundu la silinda. Maneno ya nyumbani: "Babu aliiokota vita vya Tanga, ikafichwa darini mpaka alipofariki."

Mwaka 1917 peke yake unaimaliza hadithi ya 1914. U inasema iliingia mikononi mwa serikali ya Afrika Kusini, na wanajeshi wa Afrika Kusini walipigana sana katika nchi hii kabla Lettow-Vorbeck hajasalimu amri Abercorn (sasa Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918. Hapo moyo wa mkusanyaji huanza kupaa. Ushushe. Mishale miwili inasema iliuzwa. BNP inasema kwamba wakati fulani baada ya kanuni za 1954 silaha hii ilikuwa Birmingham, Uingereza, ikijaribiwa kwa ajili ya soko la raia. Kitu kilichokuwa Birmingham baada ya 1954 hakikufichwa darini Ngamiani tangu 1914. Kilikuja Tanga na mnunuzi binafsi, karibu na uhuru au baada yake. Mzee huenda hakudanganya hata kidogo. Pengine aliokota bastola kweli, nyingine, na kadiri miaka ilivyopita kisa kimoja kikavalishwa chuma kingine. Hutokea katika kila ukoo.

Jinsi ya kuzipiga picha

Kazi hii ni ya mwenye leseni au ya makumbusho, baada ya mtu mwenye ujuzi kuhakikisha silinda haina kitu. Zima taa za chumba. Weka tochi ndogo karibu usawa wa meza, mwanga upite ukikwaruza juu ya chuma kwa nyuzi 10 hadi 20. Piga picha, hamisha tochi upande wa pili, piga tena, hadi pande zote nne. Herufi isiyoonekana kwa mwanga wa juu hujitokeza kwa kivuli chake. Rula ya milimita iwe kando ya chapa kila mara, na simu iwe sambamba na chuma, isiinamishwe. Chapa ikiwa imelala sana, pitisha chaki nyeupe kavu kwa kidole kisha futa juu kwa kitambaa. Chaki hubaki ndani ya mistari. Usitumie asidi. Usitumie msasa hata ule laini.

Usiishie ubavuni. Smith & Wesson ina namba chini ya kitako, uso wa nyuma wa silinda, chini ya mtutu, kwenye nyota ya kutolea maganda, na upande wa ndani wa mbao ya kulia ya kitako. Webley Mark VI ina namba kwenye fremu, mtutu na silinda. Zikilingana zote, silaha imekaa na viungo vyake vya kuzaliwa. Silinda ikitofautiana, kuna njia mbili: mafundi wa jeshi waliibadilisha wakati wa matengenezo, au mfanyabiashara aliunga vipande vya bastola mbili mbovu. Tazama uchakavu. Viungo vilivyozeeka pamoja vina rangi moja na vimelika sawasawa pale vinapogusana.

Mahali penye udanganyifu

Silaha iliyosuguliwa upya hung'aa, na mnunuzi mgeni huipenda. Tazama kingo: zilizotoka kiwandani ni kali, zilizosuguliwa zimekuwa duara. Tazama mashimo ya skrubu: yaliyosuguliwa yamebonyea ukingoni kama kisahani. Tazama herufi: upande mmoja una kina, mwingine umefutika. Rangi mpya haiwezi kuificha kazi ya gurudumu la kusugulia.

Chapa ya bandia hujulikana kwa tabaka. Muhuri wa kiwandani uligongwa kabla ya rangi ya mwisho, kwa hiyo sakafu ya herufi ina rangi na uzee ule ule wa uso. Uliogongwa juzi hupasua rangi: sakafu inang'aa au imepakwa weusi usiofanana, na chuma kimeinuka ukingoni pa herufi kama tope lililokanyagwa. Pitisha ukucha, utausikia. Alama halisi za kikosi nazo hazikuwa za mapambo. Zilipigwa kwa mkono, herufi zikapinda kidogo, nafasi zikatofautiana. Mstari ulionyooka mno unatakiwa kukutia shaka.

Kuna mabadiliko ambayo si udanganyifu lakini ni hatari. Webley nyingi za .455 zilizouzwa Marekani zilinyolewa silinda kwa nyuma ili zipokee risasi ya .45 ya bastola za magazini. Nguvu ya risasi hiyo inazidi ile iliyokusudiwa, na silinda zimepasuka mikononi mwa watu. Victory nazo zilitobolewa matundu yawe marefu ili yapokee risasi ya .38 Special, lakini ganda la risasi ya zamani ni nene kidogo kuliko hilo jipya, milimita 9.8 dhidi ya 9.6, kwa hiyo ganda jembamba huvimba na kupasuka ndani ya tundu. Mabadiliko hayo yaandikwe kwenye kumbukumbu, kwa kuwa ni sehemu ya safari ya silaha. Yanasema pia kwamba si ya kufyatuliwa.

Karatasi

Kwa Smith & Wesson, taasisi ya historia ya kampuni hutoa barua kwa ada: unatuma namba na picha, nayo inajibu tarehe silaha ilipotoka kiwandani na ilipelekwa kwa nani. Colt wana huduma kama hiyo. Ujue kikomo chake: silaha za vita zilipelekwa kwa maelfu kwenye ghala la jeshi, na barua huishia mlangoni pa ghala hilo. Haitamtaja inspekta wa Korogwe.

Ili kumfikia inspekta, geukia faili. Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam zinahifadhi majalada ya serikali ya Waingereza na yale yaliyobaki ya Wajerumani. Kew, penye Nyaraka za Taifa za Uingereza, mafungu ya CO 691 yana mawasiliano ya Tanganyika na Wizara ya Makoloni. Berlin, kwenye Nyaraka za Shirikisho la Ujerumani, fungu R 1001 lina ya Wizara ya Makoloni ya Ujerumani. Usiombe "faili la bastola", halipo. Omba ripoti za mwaka za polisi, orodha za vifaa, maombi ya bajeti na gazeti la serikali. Ripoti ikionyesha aina ya rivolva idara iliyoomba, unajua cha kutarajia; ukiletewa aina nyingine yenye chapa ya idara hiyo, una sababu ya kusimama.

Picha za zamani zina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Picha ya gwaride iliyopigwa mbele ya boma, ikikuzwa vizuri, itaonyesha umbo la kitako, urefu wa ala, upande wa kiuno na kamba ya shingoni. Picha, ala, mikanda, vifungo na leseni za zamani havifyatuki, na mtu anaweza kujenga mkusanyo wa heshima kwa hivyo peke yake. Jengo la Boma la zamani hapa Tanga limekuwa makumbusho ya Urithi Tanga; mwenye picha ya babu aliyekuwa polisi aanzie huko kabla mchwa hawajaanza kwake.

Chumvi ya pwani

Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi huvuta unyevu juu ya chuma hata siku isiyo na mvua. Kutu ya pwani huanza kwa vitone vyekundu pembeni mwa chapa, kwa kuwa ndani ya herufi ndimo uchafu ulimobaki, kisha hula chapa kwanza. Silaha isihifadhiwe ndani ya ala ya ngozi: ngozi imedabaghiwa kwa tindikali na inanyonya unyevu, na ule ute wa kijani kwenye vifungo vya shaba unatokana na mafuta ya ngozi yanapokutana na shaba. Tenganisha viwili hivyo, viwekwe kabati moja lenye kufuli kama leseni inavyotaka, lakini masanduku mawili.

Mafuta ya nazi hayafai. Huganda kukiwa na baridi kidogo, huchacha na kuwa gundi, na vumbi hushika juu yake. Ndimu na siki huondoa kutu kweli, ila huondoa na rangi ya kiwandani na kingo za herufi. Mchele kwenye boksi huleta wadudu. Kinachofaa ni mafuta mepesi ya madini yaliyopakwa kwa kitambaa cha pamba mpaka yaonekane kama hayapo, au nta ya aina inayotumiwa na makumbusho, pamoja na vifuko vya silika ndani ya sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Unyevu ukae chini ya asilimia 50. Kipimo kidogo cha dijitali ndani ya sanduku kitakuonyesha. Silika ya rangi ikibadilika imeshiba, ikaushwe kwenye oveni kwa nyuzi joto 110 hivi na irudishwe. Kutu iliyokwishashika ilainishwe kwa mafuta siku mbili, tatu, kisha isukumwe kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha. Mwanzi ni laini kuliko chuma lakini mgumu kuliko kutu, na haujawahi kufuta namba ya mtu. Vaa glovu za pamba. Jasho la vidole huacha alama ya kutu yenye mistari ya kidole hasa.

Kila silaha iwe na karatasi yake yenye safu tatu. Ya kwanza ni kilichothibitishwa: chapa na namba kama zilivyo, bila tafsiri, pamoja na picha zake. Ya pili ni kinachowezekana, na sababu yake. Ya tatu ni kinachosemwa, pamoja na jina la msimulizi, tarehe aliyosimulia, na alisikia kwa nani; safu hii usiifute hata chuma kikiikataa, maana ikifutwa hakuna atakayejua tena kwamba kuna bastola nyingine ya kutafutwa. Kwa ile Mark VI iliyokuwa mezani, safu ya kwanza itasema 1917, U, mishale miwili, BNP. Ya pili: huenda ilitumika na Waafrika Kusini, ilikuwa Birmingham baada ya 1954, ilifika Tanga baadaye. Ya tatu: "Mjukuu anasema babu aliokota bastola ufukweni, 1914. Si hii."